Mguu wa Nyuma wa Gen

Yokohama, 6 Machi 1992

Kwa Dada Fusae,

Baba alitufundisha kwamba barua huanza na hali ya hewa, basi: huku mvua haikatiki, na vijibwa vya wateja wangu vinanuka kama matambara ya jikoni. Naandika kwa sababu kwa simu tunagombana hata kabla ya salamu.

Nisikuzungushe. Namtaka Gen.

Novemba kuna mashindano ya taifa. Wewe huwezi kumwacha Baba, hilo wote tunalijua. Gen ana miaka minne, yuko kwenye kilele chake. Akibaki huko Shizukuishi atakuwa mbwa hodari kuliko wote Japani wa kubwekea malori ya tufaha.

Mambo ya huku ni hivi. Mtu anakuja na kijibwa chake kimekojolea zulia, na kabla hajavua viatu ananiuliza, "Mwalimu, wewe umeshinda nini?" Namwambia mimi ni binti wa Yaegashi Kyuzo, nimekulia mabandani, nimetembea nyuma ya mbwa wa kunusa nyayo tangu sijajua kusoma. Anaitikia kwa adabu, huku macho yanatafuta kabati la vikombe. Sina kabati. Ng'ambo ya barabara Bwana Minegishi analo, lenye taa ndani. Alishinda mara moja tu, tena na mbwa aliyefundishwa na mtu mwingine, lakini taa zinawaka na wateja wanavuka barabara.

Ningekuwa na kikombe changu kama si lile jambo la mbwa wangu Mari. Sitaki kufukua. Nasema tu kwamba mwaka ule nilikuwa nimeshafunga mizigo ya kwenda taifa, ukaja bandani ukaniambia, "Toki, Mari anachechemea, usimpeleke." Nikakusikiliza kwa kuwa wewe ni dada yangu. Nikabaki kuosha ndoo. Wewe ukaenda na Taro wako, ukarudi bingwa. Wiki ile ile Mari alikuwa anafukuza kunguru shambani, mbio kama ana mabawa. Sisemi kitu. Nasema mara hii ni zamu yangu.

Muulize Baba. Najua kiharusi kimemnyang'anya maneno, lakini muulize.

Mdogo wako,
Tokiko


Shizukuishi, 19 Machi 1992

Tokiko,

Huku bado theluji. Hiyo ndiyo hali ya hewa.

Unasema husemi kitu, halafu unajaza ukurasa. Kuhusu Mari, nilisema nilichokiona. Sirudii.

Baba analishwa uji wa mchele kwa kijiko. Nusu unaingia, nusu tunaufuta. Mkono wa kulia umelala moja kwa moja. Asubuhi namkalisha dirishani atazame mbwa, na nikikosea jambo uwanjani anagonga kioo kwa mkono wa kushoto. Yaani bado ni mkuu wa kituo chake cha kufundisha mbwa, na mimi bado ni mwanagenzi.

Nilimuuliza kama ulivyotaka. Nilimwingiza Gen mpaka miguuni pake, nikasema, "Baba, nani aende na huyu taifa?" Tangu augue hajawahi kutamka neno la kueleweka. Akafungua mdomo, akasema, "Toki." Wazi kabisa. Shangazi Umeno alikuwa anamenya figili, akadondosha kisu.

Mimi ndiye ninayemfuta kidevu. Toki.

Basi mchukue. Bwana Sawame anapeleka mzigo Tokyo mwishoni mwa mwezi, atakuletea Gen kwenye lori lake. Nimemlea mbwa huyu tangu hajafungua macho, kwa hiyo nisikilize. Ukimpigia kelele atafanya kazi, lakini ataacha kukutazama usoni. Kwenye nyayo usimvute kamba. Akiinua kichwa, simama, mwache afikiri. Na hapati usingizi mpaka asikie mtu anapumua karibu naye. Nisije nikasikia umemfungia kwenye chumba cha saruji.

Fusae


Yokohama, 28 Juni 1992

Dada!

Wa kwanza eneo zima la Kanto! Kaa chini kwanza, halafu mwambie Baba, halafu mwambie Shangazi asishike kisu.

Tulishindania ukingoni mwa mto Tama, joto la kuyeyusha soli za viatu. Kwenye kunusa nyayo aliteremsha pua mwanzoni na hakuiinua mpaka mwisho. Kona zote, vitu vyote vilivyodondoshwa, kimoja baada ya kingine, analala chini taratibu mbele ya kila kitu kama anamlaza mtoto kitandani. Kwenye utii watu waliacha kula. Kwenye ulinzi alimvaa yule mtu anayeigiza mwizi, mwenye mkono wa gunia, mpaka jamaa akasema, "Mama weee, huyu anakula nini?" Mwamuzi akaniuliza, "Mbwa huyu amelelewa na nani?" Nikamjibu, "Na familia yetu."

Minegishi alikuja kunipongeza kwa kuinama kidogo sana, kama mtu mwenye jipu shingoni.

Nimeweka tangazo jipya mlangoni: BINGWA WA KANTO. Wiki hii wamekuja wateja wapya, na mmoja alivuka barabara kutoka kule kwenye taa! Gen analala chumbani kwangu, anakoroma kama marehemu Babu. Nafanya naye kazi alfajiri na jioni, anazidi kuruka juu, anazidi kukimbia. Ulimlea kwa upole mno, Dada. Alikuwa na moto ndani ambao hukuwahi kuuwasha.

Mume wa mteja wangu, muuza miwani, alirekodi mashindano yote. Natuma kanda, Baba aione.

Siku za Bon, za kuwakumbuka wafu wetu, sitaweza kuja, mazoezi hayaruhusu. Nifukizie ubani kwa Mama.

Tokiko


Shizukuishi, 15 Julai 1992

Tokiko,

Tumeiona kanda. Baba aliitazama mara mbili bila kufumba macho. Kwenye nyayo ulimvuta kamba kwenye kona ya pili, lakini acha hilo.

Tazama pale anaporudi juu ya ukuta wa mbao na kijiti mdomoni. Anaposhuka, mguu wa nyuma wa kushoto unagusa chini baadaye, halafu anauinua haraka kama ardhi ina moto. Akikaa mbele yako anaukunja kwa nje. Kabla hajaondoka hapa hakuwa hivyo. Nilirudisha kanda nyuma, nikatazama tena, na palepale Baba akapiga meza kwa kiganja. Hajui kusema tena, ila kuona anaona.

Ni goti. Mpeleke kwa daktari wa mifugo, apigwe eksirei. Usimrushe ukuta tena mpaka ujue. Kama kano imeanza kukwanyuka na wewe unaendelea kumrusha, itakatika.

Umesema alikuwa na moto ambao sikuuwasha. Niliuona moto wake, Tokiko. Nilikuwa nikiupunguza kwa makusudi, kwa sababu mbwa wa namna hii hajui kusema basi. Mtu wa kusema basi ni yule aliyeshika kamba. Lakini wewe tangu utotoni kazi hiyo huipendi, ulikuwa unatuachia wengine.

Fusae


Yokohama, 3 Agosti 1992

Kwa Dada,

Nilijua barua hii itakuja. Nilikuwa nahesabu tu itakuja lini.

Mari alichechemea nilipokuwa nimefunga mizigo. Gen anachechemea nimeshinda Kanto. Mbwa wako wewe hawachechemei kamwe, jambo la ajabu! Umeketi huko kwetu Iwate, unaona goti kupitia kanda ya video iliyorekodiwa na muuza miwani, na mimi ninayelala naye chumba kimoja sijaona kitu. Na Baba naye amekuwa shahidi wako. Baba anapiga meza akitaka chai, Dada.

Hata hivyo, ili usije ukasema sikusikia: nimempeleka kwa daktari. Amempapasa, amempiga eksirei, amesema mbwa ni mzima kabisa. Umeridhika?

Mara ya kwanza ulinipata kwa mguu. Ukitaka kunizuia tena, tafuta kiungo kingine.

Tokiko


Shizukuishi, 12 Agosti 1992

Tokiko,

Kama daktari amepiga picha na amesema mzima, basi mimi sina la kusema. Naweza kukosea. Kanda haikuwa safi.

Kesho nakwenda makaburini kusafisha. Nitamwambia Mama una kazi.

Fusae


Yokohama, 30 Oktoba 1992

Dada Fusae,

Mbona kimya tangu Agosti? Bado umenuna?

Tunaondoka Alhamisi ya tarehe kumi na mbili. Uwanja uko chini ya Mlima Fuji, asubuhi kuna jalidi kama huko kwetu, Gen atajiona yuko nyumbani. Jumamosi nyayo, Jumapili utii na ulinzi. Tutafikia nyumba ya wageni ya Tachibana, namba ya simu nimeiandika nyuma ya karatasi hii.

Baba anaendeleaje? Nikishinda nitakuja moja kwa moja, na kikombe, nimwekee mapajani. Mwambie hivyo.

Tokiko


Shizukuishi, 6 Novemba 1992

Tokiko,

Hapa ni vilevile. Nimemwambia.

Nenda ukashinde.

Fusae


Yokohama, 29 Novemba 1992

Fusae,

Kwenye maziko ulinipa sinia la chai nigawie wageni, kana kwamba mimi ni mtoto wa jirani aliyekuja kusaidia. Hatukusema neno. Sasa nitasema, na utasoma mpaka mwisho.

Jumamosi Gen alifuata nyayo kwenye majani meupe kwa jalidi. Sikumvuta kamba hata mara moja. Tulikuwa wa kwanza. Watu walikuja kuniamkia, hata Minegishi, na mara hii aliinama mpaka chini.

Jumapili utii. Alitembea ubavuni pangu kama kivuli changu. Ukafika ukuta. Kwenda aliruka vizuri. Akaokota kijiti. Kurudi akapanda, akafika juu, akashuka upande wangu, nikasikia kitu kinakatika. Kilisikika, Fusae, kama kamba ya mzigo iliyovutwa kupita kiasi. Alilia mara moja tu. Kijiti hakukiachia. Akaja kwa miguu mitatu, ule wa nyuma wa kushoto unaning'inia, akakaa mbele yangu, amenyooka kama ulivyomfundisha, akaniangalia usoni. Alikuwa anangoja nikipokee. Mwamuzi akaniambia taratibu, "Bi Yaegashi, mpokee mbwa wako." Sikuweza kuunyoosha mkono. Mwamuzi ndiye aliyekitoa kijiti mdomoni mwake.

Jioni nilikuwa sakafuni naye, amefungwa bandeji, mwenye nyumba ya wageni akaniita: simu kutoka Iwate. Nilijua utasema, "Nilikuambia." Nilikuwa nimejiandaa kwa hilo. Ukasema, "Baba amefariki jana asubuhi."

Jana asubuhi! Jana asubuhi mimi nilikuwa kwenye majani nacheka.

Shangazi Umeno ameniambia yote. Baba alilazwa hospitali tangu mwanzoni mwa mwezi, maji kwenye mapafu. Ulipoketi ukaniandikia "hapa ni vilevile", uliandikia wapi? Kando ya kitanda chake? Namba ya nyumba ya wageni ulikuwa nayo. Ungepiga Alhamisi ningeacha kila kitu nikaja. Ningemkuta yu hai. Na nisingekuwa pale uwanjani, na Gen asingeruka ule ukuta.

Miaka yote nilidhani ubaya wako ni kunizuia nisiende. Kumbe ulikuwa na ubaya mkubwa zaidi: kuniacha niende.

Alisema nini mwishoni? Angalau hilo niambie.

Gen nimemwacha huko kwenye banda lake la zamani kwa sababu sikuweza kurudi naye. Kila nikimwangalia anajikokota, anakaa mbele yangu, amenyooka.

Tokiko


Shizukuishi, 11 Desemba 1992

Tokiko,

Umemwacha Gen kama mtu anavyosahau mwavuli. Wageni walipokwisha kuondoka ndipo nilipomsikia anakuna mlango. Hakuwa na maji.

Nimempeleka Morioka kwa Daktari Kumagai, na ameshapasuliwa. Kabla ya hapo Kumagai alibandika picha kwenye mwanga, akaniita karibu. "Kano hii haikukatika siku moja," akasema. "Imekuwa ikikwanyuka tangu kiangazi. Tazama, hata mfupa umeota miiba." Nikamwambia haiwezekani, Agosti alipigwa eksirei Yokohama, akaonekana mzima. Akavua miwani, akaniuliza, "Na daktari gani?"

Nami nakuuliza. Na daktari gani, Tokiko? Niandikie jina lake.

Unataka kujua kwa nini sikupiga simu. Alhamisi ile nilisimama kwenye ushoroba wa hospitali na kadi ya simu mkononi. Karatasi yako nilikuwa nayo. Nilibonyeza namba zote isipokuwa ya mwisho. Nikakusikia kabisa: "Tena, Dada? Leo si mguu, ni Baba?" Mwenyewe uliniandikia nitafute kiungo kingine. Nikarudisha mkono wa simu mahali pake. Nikajiambia, mara moja maishani nisiwe mimi wa kumsimamishia safari. Baba alikuwa hamtambui mtu tena. Mbwa, ulisema, alikuwa mzima. Nilikuamini. Nilijilazimisha kukuamini, na hilo halikuwa rahisi kwangu.

Nilikosea. Kosa hilo nitazikwa nalo, huna haja ya kulitia chumvi.

Alisema nini mwishoni? Alisema, "Toki." Lakini usilie haraka. Tangu Mei alikuwa anamwita kila mtu hivyo: mimi, muuguzi, Bwana Sawame alipoleta tufaha, hata kuku wa Shangazi. Ndilo neno pekee lililobaki kichwani mwake. Nilipotambua hivyo Gen alikuwa ameshafika kwako, na barua yako ilikuwa imejaa furaha. Sikukuambia. Ningekuambiaje? "Mrudishe mbwa, Baba hakukuchagua, alikuwa anatoa sauti tu"? Ungesema nini?

Ijumaa jioni alininyooshea ule mkono mzima, akaita, "Toki."

Nikaitika.

Fusae


Yokohama, 9 Januari 1993

Dada,

Hakuna daktari.

Nilifika mpaka mlangoni pa kliniki. Gen alikuwa anatikisa mkia, anataka kuingia kucheza na paka wao. Nikageuka. Nilijiambia mbwa mgonjwa hachezi hivi. Ukweli ni kwamba niliiogopa ile picha. Ingeonyesha kitu, ingekuwa wewe umesema kweli. Na kama umesema kweli kuhusu Gen, basi huenda na mwaka ule kuhusu Mari ulisema kweli. Mimi nimeondoka nyumbani, nimejenga maisha yangu yote huku, juu ya imani moja tu, kwamba uliniibia. Sikujua nitasimama juu ya nini nikiitoa.

Tangazo nimelibandua. Nilidhani wateja watavuka barabara kwenda kwa Minegishi. Wiki hii amekuja mama mmoja na mbwa anayetafuna ndala. Akavua viatu, akakaa, akaanza kueleza habari za ndala. Nikamkatiza: "Huulizi nimeshinda nini?" Akacheka mpaka akajishika ubavu. "Kwani anayetafuna ni wewe au huyu? Jirani yangu amesema una subira na mbwa, imetosha." Wanakuja hivyo, Dada. Mmoja anamwambia mwingine wakianika nguo. Nimemvunja Gen kwa ajili ya kabati ambalo hakuna mtu aliyekuwa analitazama.

Nina mambo mawili ya kukuomba. La kwanza: niambie, Mari alikuwa anachechemea kweli? Sema lolote, nitalishika.

La pili: nimehamia nyumba ya chini, haina ngazi. Kuna kiwanja kidogo chenye majani. Nataka nije theluji ikiyeyuka nimchukue Gen aishi na mimi. Si kwa kazi. Alale tu, akorome. Niliacha ujumbe kwenye mashine yako ya simu siku ya Mwaka Mpya, hukujibu. Najua una hasira. Lakini yeye hana, na mimi pia nampenda.

Tokiko


Shizukuishi, 24 Januari 1993

Tokiko,

Theluji imefika kwenye mapaa ya mabanda. Nachimba njia asubuhi, jioni imefunikwa.

Ndiyo, Mari alikuwa anachechemea. Halikuwa goti, ni ukucha uliopasuka mpaka ndani, na ulipopata wiki ya kupumzika ulipona, ndiyo maana ukamwona anafukuza kunguru. Nilikuambia mwaka ule, nakuambia leo. Kwamba nilifurahi kwenda mahali pako na Taro, nilifurahi, sikatai. Nilikuwa na miaka thelathini na mitano na sijawahi kutoka nje ya Iwate. Lakini nikueleze kinachoniuma kuliko wewe kuniita mwizi. Mwaka ule uliniamini bila kuupapasa mguu wa mbwa wako mwenyewe. Mwaka jana hukuniamini, na bado hukuupapasa. Baba alitufundisha mambo mengi ya kijinga, lakini hilo la mikono lilikuwa la kwanza kabisa, kabla ya kamba, kabla ya amri.

Sasa kuhusu Gen.

Ujumbe wako nimeupata. Nilikuwa jikoni natayarisha supu ya Mwaka Mpya, mikono imejaa unga. Gen alikuwa kwenye ushoroba nyuma ya ubao nilioupigilia, maana Kumagai alisema asiruke hata kizingiti mpaka mfupa ushike. Alikuwa anaendelea vizuri, ameanza kuukanyagia mguu. Mashine ikalia. Ukasema, "Dada, ni mimi. Heri ya mwaka mpya. Gen hajambo? Gen?" Mara mbili ulimtaja.

Nikasikia ubao unaanguka. Nilipofika, alikuwa amekaa mbele ya simu. Amenyooka. Damu inachuruzika kwenye mshono, na anaiangalia ile mashine anangoja.

Kumagai amempasua tena. Mara hii ametoa vyuma vilivyopinda na kuweka vingine, na ameniambia usoni hakuna mara ya tatu. Mguu ukivunjika tena utakatwa, na nyonga ya pili haiwezi kumbeba peke yake, kwa hiyo nadhani unaelewa ana maana gani.

Basi usije theluji ikiyeyuka. Ukiingia uani atapita juu ya chochote nitakachoweka. Hata nikimfunga atavuta mpaka ajikate. Unasema hana hasira na wewe. Hiyo ndiyo taabu yetu. Angekuwa nayo ningekufungulia mlango.

Usipige simu pia. Mashine nimeichomoa.

Nilikuwa nimepanga kumalizia kwa kukuambia uandike tu, kwamba karatasi haina sauti. Lakini juzi mtu wa posta alileta barua yako, nikakaa karibu na jiko niisome. Gen alikuwa amelala upande wa pili. Nilipochana bahasha aliinua kichwa. Akaamka, akaja kwa miguu mitatu, akaweka pua kwenye karatasi, akainusa yote, mstari kwa mstari, kama alivyokuwa anafanya shambani. Kisha akaenda mlangoni, akakaa kuelekea nje.

Nilimwita kula, hakuja. Nilimfuata nikamkumbatia, akaniramba mkono, akageuka tena kwenye mlango. Mpaka giza likaingia alikuwa palepale.

Kwa hiyo barua nazo, Tokiko, acha. Siku ikiwa salama nitakuandikia mimi.

Fusae